Kamera Niliyoinunua kwa Ajili ya Sauti ya Bibi

"Mjukuu wangu, hiyo taa nyekundu bado inawaka?"

Hiyo ndiyo sentensi pekee inayosikika vizuri katika rekodi ya kwanza niliyomfanyia bibi yangu, kwa sababu aliisema akiwa ameinama kuichungulia kamera. Yaliyobaki, dakika 40 nzima za utoto wake, ndugu zake na safari aliyoifunga akiwa msichana, yamefunikwa na upepo na kelele za watoto waliokuwa wakicheza mbali kabisa na pale tulipokaa. Midomo yake inaonekana ikitembea. Mkono wake unaonekana ukipanda juu ya kichwa, ukipima urefu wa mtu fulani hewani. Ni nani huyo aliyekuwa mrefu kiasi hicho, sijui. Nikiongeza sauti, upepo nao unapanda.

Kamera ile ilikuwa mpya, nilikuwa nimeitoa kwenye boksi siku mbili kabla. Boksi lenyewe lilijaa namba: 4K, megapikseli 48, zumu mara 16. Nilikuwa nimeweka akiba kwa miezi kadhaa, na nilipoziona namba hizo kwenye kifaa cha bei ninayoimudu, niliamini nimepata. Kuhusu sauti sikuuliza swali hata moja. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi: akiba yako ni ndogo, hujawahi kushika kamera ya video, na kuna mtu au jambo unalotaka libaki.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa video, mtu mzima aliyepiga sherehe na mikutano tangu enzi za kanda. Nilimpelekea kamera nikidhani ina hitilafu, labda maiki yake imekufa. Hakuifungua wala hakutafuta bisibisi. Aliiwasha, akanirudishia, akasema, "Mwanangu, itazame lenzi kwa mbele, halafu bonyeza zumu."

Nikabonyeza. Kwenye skrini picha ikasogea karibu. Lenzi ikabaki vilevile, kioo hakikutikisika.

Akatoa kamera yake ya zamani kwenye mkoba, ndogo ya kuenea kiganjani, akafanya vilevile. Safari hii niliona vioo ndani ya lenzi vikiteleza mbele na nyuma, na nilipoiweka sikioni nikasikia mota ikivuma kwa mbali kama mbu. "Hii inavuta," akasema. "Yako inakata."

Nilikaa na maneno hayo njia nzima kurudi nyumbani, na baadaye nikayaelewa kwa hesabu. Zumu ya optikali inafanywa na vioo: vinasogea, kitu cha mbali kinakuja karibu, na picha inabaki na ukali wake wote. Zumu ya kidijitali haisogezi chochote. Inachukua kipande cha katikati ya picha na kukitanua kijaze skrini. Ukifika mara 16 kwa njia hiyo, upana umegawanywa kwa 16 na urefu umegawanywa kwa 16, kwa hiyo unatazama sehemu moja kati ya 256 za picha. Ndiyo maana uso wa bibi kwenye rekodi yangu unafanana na mchoro wa rangi ya maji uliomwagikiwa.

Megapikseli nazo zina hadithi yake. Picha moja ya video ya HD ya 1080 ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani takriban milioni 2. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, takriban milioni 8.3. Hakuna mahali ambapo megapikseli 48 zinaingia katika video ya kamera kama ile. Namba hiyo ni ya picha za mnato, na kwenye vifaa vya bei ya chini mara nyingi hupatikana kwa kutanua picha ndogo kwa programu. Hata ile 4K inaweza kuwa imepatikana hivyohivyo: kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kikiwa kidogo kinapiga picha ndogo, programu inaipanua, boksi linaandika 4K kwa herufi kubwa. Tangu siku ile, nikiona kamera isiyotaja mahali popote maneno "zumu ya optikali", ila inataja megapikseli nyingi kupita kiasi, naiacha palepale. Na kama lenzi yake haina fokasi inayojirekebisha, bali imefungwa umbali mmoja tangu kiwandani, hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha.

Fundi yule hakuniambia ninunue kamera gani. Aliniuliza: utapiga nini, utakuwa umbali gani, kwa muda gani, na nani ataongea? Kila swali nililolijibu liliondoa kamera kadhaa kwenye orodha yangu, na mwisho nilibaki na chache ambazo ningeweza kuzifikiria kwa utulivu.

Kabla ya yote, aliniambia kuhusu simu. Hakunificha kwamba simu nyingi za siku hizi zina picha safi kuliko kamkoda, yaani kamera iliyotengenezwa mahususi kwa video, ya bei nafuu, hasa gizani. Kama unachopiga ni dakika tatu, mtu akiwa mita mbili mbele yako, tumia simu na pesa yote peleka kwenye maiki. Kamkoda inaanza kuwa na maana unapokaa nyuma ya ukumbi na huwezi kusogea, jambo linapochukua saa mbili, unapohitaji kuchomoa betri iliyokwisha na kuchomeka nyingine bila kusimamisha maisha yako, na simu yenyewe inapokuwa moto mkononi na kuanza kulalamika.

Hili la muda nililiona kwa macho yangu kwenye mahafali ya mdogo wangu. Karibu yangu alikaa kijana mwenye kamera nzuri ya picha za mnato, ya kisasa kuliko chochote nilichowahi kushika. Majina yakiendelea kusomwa, kamera yake ikaacha kurekodi yenyewe, na yeye hakugundua mpaka zamu ya dada yake ilipopita. Kamera nyingi za picha, kwa miaka mingi, ziliwekewa kikomo cha dakika 29 na sekunde 59 kwa rekodi moja, kwa sababu forodha ya Umoja wa Ulaya iliihesabu kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video, yenye ushuru wake. Miundo mipya mingi haina tena kikomo hicho, lakini zile zinazouzwa kwa bei nafuu, zilizotumika, bado zinacho. Kamkoda haina habari hizo. Inarekodi mpaka kadi ijae au betri iishe.

Basi nikaanza kutafuta kamkoda, safari hii nikijua ninachotafuta: zumu ya optikali, kitulizo cha picha kilicho ndani ya lenzi, kinachopunguza mtikisiko wa mkono, na tundu la kuchomekea maiki ya nje. La tatu ndilo lililonisumbua kuliko yote. Kwenye kamera za bei ya chini tundu hilo ndilo kitu cha kwanza kuondolewa, na hakuna boksi linalokuambia kwamba halipo. Inabidi usome karatasi ya maelezo mpaka mwisho, au uizungushe kamera mkononi ufungue kila kifuniko. Kwa mfano, Sony HDR-CX405, kamera iliyopendwa sana na wanaoanza tangu 2015, ina zumu ya optikali ya mara 30 na ni nyepesi mno, ila haina tundu la maiki wala la hedifoni. Canon Vixia HF R800 ina zumu ya mara 32 na matundu yote mawili. Zote zinarekodi 1080, hakuna 4K. Ukiziweka kando kwa kando mezani, macho yanaona vitu viwili vinavyofanana. Kwa mtu anayetaka kurekodi bibi yake, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nitakaa hapa kwenye sauti kwa sababu ndipo nilipoumia. Sauti hupungua kwa kasi kadiri unavyokaa mbali nayo: umbali ukizidi mara mbili mahali pa wazi, inashuka kwa desibeli 6. Siku ile mimi nilikuwa mita nne kutoka kwa bibi. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo ingekaa sentimita 20 kutoka mdomoni mwake, karibu mara 20 zaidi. Tofauti hiyo ni kama desibeli 26, na hakuna programu ya kuhariri inayoweza kuirudisha kikamilifu, kwa sababu ukipandisha sauti ya bibi unapandisha na upepo, na watoto, na jani linaloburuzwa sakafuni. Zumu nayo inadanganya. Uso unakuja karibu, ukadhani na sauti imekuja, kumbe maiki imebaki palepale kwenye mwili wa kamera.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua. Kamera nyingi za wanaoanza hujipandishia sauti zenyewe. Mtu akinyamaza, kamera inafikiri sauti imekuwa ndogo, inaongeza nguvu, na ule mnong'ono wa chumba unapanda kama maji. Akianza tena kuongea, neno la kwanza linapiga kwa kishindo. Bibi ni mtu wa kunyamaza katikati ya hadithi. Kila alipovuta pumzi, rekodi yangu ilijaa upepo. Kamera inayokuruhusu kuweka kiwango cha sauti kwa mkono inaondoa tatizo hilo, na hata kama haikuruhusu, maiki ikiwa karibu na mdomo mambo yanapungua sana.

Kama tayari una kamera isiyo na tundu, usiitupe. Njia aliyonifundisha fundi ni hii: maiki ya kubana ichomeke kwenye simu, simu iingie mfukoni mwa anayeongea ikiwa inarekodi sauti, na kabla hajaanza piga makofi mara moja mbele ya kamera. Baadaye, kwenye kompyuta, utaona kofi hilo kama mwiba katika sauti zote mbili. Zipange miiba ikutane, kisha nyamazisha sauti ya kamera. Ni kazi ya dakika mbili. Kwa rekodi ndefu sana sauti na picha huweza kupishana kidogo kidogo, kwa hiyo piga kofi jingine mwishoni upate pa kurekebishia.

Kamkoda niliyoipata hatimaye ilikuwa imetumika. Mwenye nayo aliniachia niipime, nami nilikaa nayo mezani karibu nusu saa bila kuona aibu. Nilikuja na kadi yangu. Nilifungua skrini, nikaizungusha taratibu mpaka mwisho huku nikitazama kama inapepesa, kwa sababu waya mwembamba unaopita kwenye bawaba hiyo ndio hukatika kwanza. Nilielekeza lenzi kwenye ukuta mweupe, nikavuta zumu yote, nikatafuta madoa yasiyosogea. Nikavuta zumu tena kwenye maandishi ya mbali na kuhesabu inachukua muda gani kabla herufi hazijatulia. Nilichomeka maiki, nikaongea, kisha nikaichezesha plagi ndani ya tundu nisikilize kama inakwaruza. Nikauliza chaja. Kamera nyingi za aina hii huchaji betri ikiwa ndani, baadhi kwa waya wa umbo la pekee, na waya huo ukipotea unaweza kusumbuka kuupata kuliko kamera yenyewe. Mwisho nilirekodi dakika 10 mfululizo, nikaitazama rekodi yote palepale.

Nilipitwa na kitu kimoja tu, na kilinitoa jasho baadaye. Kamera ilikuwa imetengenezwa kwa soko la nchi zenye umeme wa hezi 60, inarekodi fremu, yaani picha, 30 au 60 kwa sekunde, na kwenye menyu yake hakuna namna ya kubadili iwe 25 au 50. Nje juani haikuwa na neno. Siku ya mahafali mengine, ndani ya ukumbi wenye taa za umeme wa hezi 50, picha ikaanza kupwita, mwanga unapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Taa za namna hiyo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kasi ya shata ya kamera yangu, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, haikuwa ikilingana nazo. Bahati kamera ilikuwa na sehemu ya kuweka shata kwa mkono. Nikaiweka 1/100 ya sekunde na kupwita kukatulia. Ningekuwa na kamera isiyo na sehemu hiyo, mahafali yote yangekuwa yanapumua. Sasa nikimsaidia mtu kuchagua kamera iliyotumika, hilo ndilo ninaloangalia kabla hata ya zumu.

Gizani, kamkoda za bei nafuu ni dhaifu, na ni vizuri ujue kwa nini usije ukailaumu mikono yako. Ili zumu ya mara 30 itoshe kwenye kitu cha kushika kwa kiganja, kihisi cha picha lazima kiwe kidogo sana, na kihisi kidogo kinakusanya mwanga kidogo. Juu ya hapo, lenzi yenyewe hubana ukivuta zumu. Uwazi wa lenzi hupimwa kwa namba ya f, na namba ikiwa ndogo mwanga unapita mwingi: lenzi inayoanza na f/1.8 ikiwa pana na kuishia f/4.5 ikiwa imevutwa mpaka mwisho, inapitisha mwanga pungufu mara sita hivi. Binamu yangu alipoigiza jukwaani jioni moja, nilikaa safu ya nyuma na kuvuta zumu yote. Nikapata sura iliyojaa chembechembe kama mchanga. Usiku wa pili nilifika mapema, nikakaa safu ya tatu, nikapiga kwa upana. Kamera ileile, taa zilezile, na sura yake ikaonekana mpaka kope.

Stendi. Nilinunua ya kwanza kwa sababu ilikuwa nyepesi, na ilikuwa nyepesi kweli: nikigusa kamera, inatetemeka; nikigeuza kufuata mtu, inakwama halafu inaruka. Kwenye zumu ndefu mtetemo mdogo wa kidole unakuwa tetemeko la ardhi. Ile ya pili ina kichwa chenye mafuta mazito ndani, kinachogeuka polepole kana kwamba kiko kwenye asali, na tangu niipate watu huniuliza kama nimebadilisha kamera. Kama ungelazimika kuchagua kamera bora kidogo bila stendi nzuri, au kamera ya kawaida pamoja na stendi nzuri, chukua ya pili bila kusita. Mimi sasa hugawa akiba hivi: theluthi mbili kamera, theluthi moja stendi, maiki, kadi na betri ya ziada. Anayeweka yote kwenye kamera atafika nyumbani na kitu ambacho hawezi kukitumia kikamilifu.

Kadi haistahili maneno mengi, ila kuna mtego wa hesabu. Kamera huandika kasi yake kwa megabiti na kadi huandika kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Video ya 1080 ya megabiti 24 kwa sekunde inahitaji megabaiti 3 tu kwa sekunde. Kadi ya daraja la 10, inayohakikisha angalau megabaiti 10, inatosha na kubaki. Usishawishiwe kununua ya kasi ya ajabu kwa kamera ya namna hii. Kadi ya gigabaiti 32 itakupa kama saa tatu. Kinachostahili hofu ni kadi bandia, zinazojitambulisha kuwa na nafasi kubwa ambayo haipo. Ijaze kadi mpya mpaka mwisho kwa mafaili yoyote, kisha yafungue yote, la kwanza mpaka la mwisho. Yakifunguka vizuri, iamini.

Jambo la mafaili lilinipotezea usiku mzima. Kamkoda nyingi za aina hii zinarekodi kwa mfumo wa AVCHD, uliotolewa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Ukifungua kadi unakuta folda ndani ya folda ndani ya folda, na kule chini kabisa mafaili yanayoishia na MTS. Rekodi ndefu hukatwa vipande, kwa sababu mfumo wa zamani wa kadi hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4. Mimi nilichukua vipande vya MTS peke yake, nikaviunga, na kila kwenye kiungo sauti ikaruka kama mtu mwenye kwikwi. Dawa yake ni kunakili folda yote ya kadi jinsi ilivyo, bila kupanga wala kubadili majina, kisha kuiachia programu ya kuhariri iiunge yenyewe. Kama kamera inakupa nafasi ya kurekodi MP4, na wewe ndiyo kwanza unaanza, chagua hiyo.

Kuhusu betri, muda ulioandikwa kwa herufi kubwa ni wa kurekodi mfululizo bila kugusa chochote. Karibu yake, kwa herufi ndogo, huwa kuna muda wa matumizi ya kawaida, wenye kuwasha, kuzima na kuvuta zumu, na mara nyingi ni kama nusu. Panga kazi yako kwa muda huo wa herufi ndogo. Na uangalie betri inakaa wapi: iliyo nje, mgongoni mwa kamera, unaweza kuibadilisha na nene inayodumu zaidi, iliyofungiwa ndani ya mwili itabaki ya ukubwa uleule milele.

Rafiki mmoja alitaka kunipa bure kamkoda yake ya kanda za MiniDV. Ilikuwa na picha nzuri na lenzi nzuri kuliko yangu. Nilikataa kwa masikitiko, kwa sababu kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuihamishia kwenye kompyuta, kwa tundu la FireWire ambalo kompyuta za sasa hazina. Kama una kanda za familia zimelala kabatini, hilo ni jambo jingine: itafute kamera hiyo leo, zihamishe zote kabla mashine za kuzisoma hazijaisha.

Nilirudi kwa bibi baada ya miezi saba. Nilimbana maiki kwenye ukosi wa nguo yake, waya ukapita nyuma ya bega, na kamera ikasimama mita moja na nusu mbele yake, sambamba na macho yake. Safari hii nilivaa hedifoni. Sikuwa nimewahi kumsikia bibi namna ile. Nilisikia ulimi wake ukitafuta neno, nilisikia kiti chake cha kamba kikilia alipoegemea, nilisikia pumzi yake inayokatika kidogo kabla hajataja jina la kaka yake.

Nilimwomba anisimulie tena ile safari. Alinisimulia, fupi kuliko mara ya kwanza, na alipita sehemu nyingine. Mkono wake haukupanda hewani. Alipomaliza nikamuuliza kuhusu yule mtu mrefu, nikamwonyesha kwa mkono wangu jinsi alivyokuwa amempima. Akanitazama kwa muda.

"Sikumbuki, mjukuu wangu. Nilisema nani?"

Nikamwambia sikusikia, kwamba kamera haikusikia. Akatikisa kichwa taratibu, akageuka kuitazama hii mpya kwa makini, akaitafuta mbele na ubavuni.

"Mbona hii haina taa?"

"Haina, Bibi."

"Sasa nitajuaje kama inanisikia?"

"Nakusikia mimi," nikamwambia, nikiwa nimeshika hedifoni masikioni kwa mikono miwili. "Endelea."